Rili ya chambo kizito: angalia bodi, si idadi ya beringi

Mkuu, kwa chambo bandia cha gramu 60 hadi 100 ukiwa ufukweni Matema, Ziwa Nyasa, chukua rili (kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo ya kuvulia) ya saizi 5000 au 6000 yenye bodi, yaani ganda la nje, ya alumini. Ile "beringi 13" iliyoandikwa kwenye boksi isikuzuzue. Kinachobeba kazi ni bodi na gia kubwa ya ndani. Ukivuta mzigo, bodi ya plastiki hujipinda kidogo, gia haziumani sawasawa, meno yanalika. Yangu ya kwanza, ya bei chee kutoka Mbeya mjini, ilikufa hivyo hivyo: nikizungusha inakwaruza utadhani imejaa mchanga. Ukiwa dukani shika mkono wake uutikise. Ukichezacheza, iache hapo hapo. Mkono unaofungwa kwa kuzungushwa moja kwa moja ndani ya gia ni imara kuliko ule wa kukunja. Tumia uzi wa kusuka, na mbele uunganishe kipande cha uzi mnene, maana kwenye kurusha ndipo unapokatikia. Saizi tu, kila kampuni ina vipimo vyake, kwa hiyo ishike mkononi kwanza.