Chakula cha mchana hotelini hakitoshi

Mmeuliza wasomaji: marafiki waliosoma chuo kimoja, wakikutana tena baada ya miaka mingi, je, mlo wa siku moja unatosha au wakae pamoja muda mrefu? Jibu langu ni kwamba wakae, tena siku nyingi, chini ya paa moja, karibu na bahari, na wapige kelele mpaka sauti ziwakauke. Nasema hivyo nikiwa mwanamke wa makamo, mama wa watoto, mwenye kazi na majukumu kama mwingine yeyote.

Aliyesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuishi hosteli ya Mabibo anajua kubebana. Mmoja amepata chumba, mwenzake amekosa, basi kitanda cha mtu mmoja kinalaliwa na wawili, huyu kichwa huku, yule kichwa kule. Sisi sita tulibebana hivyo. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya wanafunzi, likitoka tunakula kuku, likichelewa tunachangia sahani moja ya wali maharage na kijiko kinapokezanwa. Usiku wa kuamkia mtihani anayeelewa anamfundisha asiyeelewa, na asubuhi anayeamka kwanza anawapigia wenzake foleni ya maji. Urafiki wetu haukujengwa na mazungumzo mazuri. Ulijengwa na kulala pamoja, kupika pamoja, kununiana asubuhi na kupatana jioni. Sasa mtu akiniambia urafiki wa namna hiyo unaweza kuhuishwa kwa saa tatu za mezani, namwuliza: kwa njia ipi?

Mlo wa hotelini naufahamu, nimehudhuria. Mchango unatangazwa kwenye kundi la WhatsApp, kiasi kikubwa kwa kila kichwa, kisha inawekwa ile orodha yenye majina na alama ya tiki kwa waliolipa. Siku yenyewe watu wanakuja wamevaa, wanapiga picha, na swali ni lile lile meza nzima: uko wapi siku hizi? Mwenye cheo anajibu kwa sauti, asiye na kazi anasema "nipo nipo tu" na kugeuza maneno. Mwenzetu mmoja wa Singida hakufika kabisa. Siku ya tatu baada ya orodha kuwekwa tuliona tu kwamba amejitoa kwenye kundi. Hilo ndilo linaloniumiza kuhusu mikutano hii ya kifahari: inawachuja watu. Anayehitaji wenzake kuliko wote ndiye wa kwanza kubaki nje.

Safari yetu sisi sita ya kukaa pamoja ilikuwa Tanga, kwa sababu mmoja wetu ni mwenyeji wa huko, Mdigo wa damu, na ndiye aliyesema tuache habari za hoteli. Alitutafutia nyumba Sahare, vyumba vitatu na uwanja wa mchanga, hatua chache kutoka wanapopaki ngalawa. Magodoro tuliazima kwa ndugu zake. Suala la fedha alilimaliza kwa sentensi moja: kila mtu anitumie alichonacho, na hakuna orodha. Mpaka leo mimi sijui nani alitoa laki tatu na nani alitoa elfu kumi, na sitaki kujua. Yule wa Singida alifuatwa kwa simu, hakuandikiwa ujumbe. Alikuja.

Kuhusu muda, wengi hudhani haiwezekani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na wengi wetu tunaitumia kwenye misiba, harusi na kusimamia ujenzi. Walimu wako huru shule zinapofungwa Desemba. Mwenye biashara anaweza kumwachia mtu duka kwa wiki mbili. Si lazima wote wafike siku moja na kuondoka siku moja. Kwetu walikuwepo waliokaa mwezi mzima na waliokuja katikati. Watanga wana msemo wao maarufu, waja leo waondoka leo, lakini hatukuona sababu ya kuutimiza.

Desemba na Januari ndio wakati wenyewe. Kusi imekwisha, kaskazi imeingia, asubuhi bahari imetulia na maji yanaonekana mpaka chini. Joto ni kali, mtu hawezi kukaa ndani hata akitaka. Embe zimeiva, mafenesi ya Muheza yanauzwa vipande vipande barabarani, na dafu halihitaji kutafutwa.

Niwaeleze asubuhi za mwalo, maana ndipo nilipowaona wenzangu wakirudi kuwa wale niliowajua. Alfajiri, baada tu ya swala, ngalawa zinaingia na samaki wanamwagwa juu ya turubai: changu, pono, taa, na ukibahatika kolekole mkubwa. Dalali anataja bei, mmoja anaongeza mia tano, mwingine anaongeza elfu. Mwenzetu wa Kahama, ambaye ofisini kwake ni mkuu wa idara na watu humwamkia wakiwa wamesimama, alikuwa amejifunga kanga kiunoni, miguu ndani ya matope, anagombania kolekole na mchuuzi wa kike aliyemzidi mdomo mara kumi. "We dada samaki unamjua au unataka picha?" yule mchuuzi akamwuliza. Mwalo mzima ulicheka, naye akacheka kuliko wote, akapandisha bei. Samaki tukamchukua. Tulimpasua mgongo, tukampaka chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, tukambanika juu ya makaa huku tunampaka tui zito lililochemshwa na bizari mpaka likamshika. Mabishano ya nani kaunguza mkia yalidumu mpaka usiku.

Na usiku ulikuwa wa muziki. Mji huu una haki ya kelele: Tanga ndiko walikotoka Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwenye dansi, na kwenye taarabu wakatoka Black Star na Lucky Star, waliotia magitaa ya umeme kwenye muziki wa watu wa pwani, pamoja na sauti ya Shakila. Mwenyeji wetu amelelewa na nyimbo hizo, mama yake alizipiga nyumbani kila Ijumaa jioni. Basi ndoo ikageuzwa ngoma, sufuria ikapigwa kwa mwiko, na wanawake sita tuliokwishasahau kwamba tuna viuno tukajimwaga uwanjani. Vigelegele vilisikika mpaka ufukweni.

Hapa niseme jambo kwa vijana wanaotaka kutuiga. Kelele zina adabu yake. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kufungua mabegi, mwenyeji alitupeleka kwa bibi wa nyumba ya pili. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, karibuni." Tukamwambia tumekuja kufanya fujo. Akauliza fujo gani, tukamwambia za kuimba, akasema adhana ikisikika mnyamaze, na saa tano usiku mlale. Tulifuata yote mawili. Wanaokunywa bia walikwenda kunywa kunakouzwa, hawakuzileta kwenye uwanja unaotazamana na njia ya msikitini. Kupita mtaani tulijifunga leso juu ya nguo za kuogelea. Baada ya siku chache bibi mwenyewe akawa anakuja na kiti chake kutufundisha namna ya kupiga makofi, kwa sababu, alisema, makofi yetu ni ya kikao cha harusi.

Siku niliyoipenda kuliko zote ni ya Maziwe. Ni kisiwa kidogo mbele ya Pangani, kilichotengwa kuwa hifadhi. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga. Miti ikaisha, na sasa ni fungu la mchanga mtupu ambalo maji yakijaa linafunikwa lote. Kwa hiyo hamwendi mnapotaka ninyi, mnakwenda mwezi unapotaka. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua inatoa maji mbali, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu, na sehemu zetu hizi maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi. Kisha kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Mwenyeji alihesabu vidoleni, akapiga simu kwa nahodha wa Pangani, siku ikapatikana. Ada ya hifadhi mnalipa, maboya ya kujiokolea mnavaa, na asiyejua kuogelea haachwi peke yake hata kwenye maji ya magoti. Katika sisi sita wanne tumezaliwa bara. Hilo hatukulifanyia mzaha.

Kule juu ya mchanga mweupe, bahari kila upande, mmoja akatoa mpira wa soksi kwenye mkoba. Rede! Wanaume wasioijua: wawili wanarusha mpira, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, chupa ikijaa ameshinda. Mara ya mwisho tulicheza tukiwa darasa la saba, kila mmoja kwao. Mwenzetu wa Singida akaingia katikati. Sijui wembamba ule aliuhifadhi wapi. Anainama, anachota mchanga, anaruka, mpira unampita kwapani, anachota tena, sisi tunapiga kelele za kuomba haki, nahodha na kijana wake wamesimama ndani ya boti wanamshangilia kwa jina alilowaambia dakika hiyo hiyo. Chupa ikabakiza vidole viwili. Nahodha akapaza sauti kwamba maji yanajaa, tupande. Hakukubali. Tukarusha, akakwepa, akajaza, akaimwaga ile chupa hewani na kuanguka chali mchangani, akicheka mpaka machozi. Tuliondoka maji yakiwa yameshakula nusu ya uwanja wetu.

Usiku wake yeye na mimi ndio tulikuwa na zamu ya jikoni. Alikalia mbuzi anakuna nazi, mimi nachambua mchele. Bila kuulizwa akaanza kusema. Shule moja ya binafsi aliyokuwa akifundisha ilimpunguza kazi, mishahara ya miezi kadhaa hakulipwa, mume akaenda kutafuta maisha na hakurudi, na yeye anauza mitumba mnadani, anahama nayo mji hadi mji. Alisema yote hayo macho yakiwa kwenye nazi, mkono hausimami. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia. "Ningesemea wapi? Kwenye kundi, chini ya picha za nyumba zenu?" Sikuwa na jibu. Lakini angalieni alisema lini. Si siku ya kwanza, wala ya pili. Alisema baada ya kupika nasi, kuimba nasi, kutushinda rede mbele ya watu. Mtu hawezi kufungua moyo kwa wenzake mpaka kwanza awe mwenzao tena, na kule kuwa mwenzao kunarudi kwa kucheka na kugombania mkia wa samaki. Hiyo ndiyo kazi ya zile kelele. Wanaoziona za kitoto hawajakaa zikaisha.

Kesho yake, kwa ruhusa yake, tuliwaambia wengine. Hakuna aliyetoa hotuba. Wa Kahama aliuliza mtaji wa belo moja la mitumba ni kiasi gani, na mwenyeji akauliza mnada wa Tanga unafanyika siku zipi.

Wapo watakaouliza kuhusu ugomvi. Utakuwepo. Sisi tuligombana juu ya choo, juu ya chaja, na mara moja juu ya jambo la zamani lililohusu mwanaume ambaye siku hizi si wa yeyote kati yetu. Kuna waliopitisha siku nzima bila kusemeshana. Ila nyumba ni ndogo na chakula ni kimoja. Utamnunia mtu vipi na yeye ndiye mwenye mwiko? Hotelini ungechukua pochi yako ukaondoka, na jambo lile lingebaki miaka mingine kumi.

Kuhusu waume na watoto, ushauri wangu ni kwamba waje mwishoni. Siku za mwanzo ziwe zenu. Kwetu familia zilifika wiki ya mwisho, na ilinifurahisha kuona mume wangu akishangaa kusikia naitwa jina ambalo hajawahi kulisikia, jina la Mabibo, ambalo sitaliandika hapa. Watoto walihamia kwa bibi wa nyumba ya pili, na wanangu sasa wanajua kupiga makofi ya taarabu.

Kwa anayetaka kufanya hivi mwaka huu, mambo mawili. Zungumzeni na mwenye nyumba mapema, mwezi wa tisa ikiwezekana, kwa kuwa nyumba za Sahare na Raskazone mwisho wa mwaka huwahiwa na wageni wa sikukuu. Na kabla hamjafungua kundi jipya la maandalizi, pitieni la zamani muone ni nani alijitoa, mmpigie simu huyo kwanza.