Programu ikizimika ukiwa unanasa kanda, tazama saa kwanza

Nilikuwa na kanda ya VHS ya harusi ya dada yangu. Kila nikijaribu kuinasa, yaani kuiingiza kwenye kompyuta iwe faili la video, programu ilizimika dakika ya 22. Hakuna onyo wala ujumbe wa kosa, dirisha linapotea tu kama vile kuna mtu amelifunga. Nikaiondoa programu nikaiweka upya. Nikajaribu nyingine. Mwishowe nikafuta Windows yote nikaanza upya, kazi ya siku mbili, na dakika ya 22 ikanisubiri palepale.

Siku hizi mtu akinilalamikia kwamba programu yake inakufa, simuulizi ni programu gani. Namuuliza inakufa lini. Kama hajui, namwambia anase tena mara mbili, kalamu mkononi, na mara ya pili aanzie mahali pengine kwenye kanda. Aandike kanda imefika wapi, amenasa kwa dakika ngapi, na faili limefikia ukubwa gani. Mara nyingi ugonjwa hujitaja wenyewe.

Ikifa papo hapo, hata kabla kanda haijaanza kuzunguka, mshuku draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa. Vile vidude vya USB vya kuingizia video, vinavyokaa kati ya deki na kompyuta, vinafanana kwa nje, lakini chipu za ndani hutofautiana, na draiva ya kimoja haiwezi kutumikia kingine. Soma chipu yako kwenye orodha ya vifaa vya Windows (Device Manager), kisha tafuta draiva yake hasa. Usitegemee ile CD iliyokuja ndani ya boksi. Halafu fungua mipangilio ya faragha. Windows 10 na 11 hukihesabu kidude hicho kama kamera, na sauti yake kama maikrofoni, kwa hiyo ukiwa umezinyima programu ruhusa ya hivyo viwili, utapata skrini nyeusi au programu itakataa kabisa. Mimi nilikuwa nimezima kamera kwa sababu za usalama, nikasahau, nikapoteza jioni nzima nikibadilisha waya.

Ikifa faili likifikia ukubwa uleule, mara nyingi kanda haina kosa na programu haina kosa. Diski iliyofomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili moja linalozidi GB 4, na flashi nyingi huja hivyo. Hesabu yake inashangaza kidogo. Picha ya PAL (mfumo wa picha za televisheni) ni nukta 720 kwa 576, fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde. Ukiinasa bila kuibana inakula takriban MB 21 kila sekunde. Kwa mwendo huo GB 4 zinajaa ndani ya dakika tatu na nusu hivi, na saa moja inataka karibu GB 75. Fomati diski kwa mfumo mpya zaidi, NTFS au exFAT (hamisha vilivyomo kwanza!), na utumie kodeki, yaani kibanio cha video, inayobana bila kupoteza kitu, kama HuffYUV au Lagarith, ili mzigo upungue.

Kuna ile inayokufa baada ya muda uleule tangu uanze, uweke kanda yoyote ile. Hapo angalia mambo ya kuokoa umeme. Kompyuta inaona hujagusa kipanya kwa nusu saa, inalala, na kidude chako kinazimwa kikiwa kazini. Zima usingizi wote, pamoja na ule wa USB uliojificha kwenye mipangilio ya kina ya umeme (advanced power settings). Kidude kichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Kikipitia kigawanyio cha USB pamoja na diski ya nje unayoandikia, vitagombania njia moja.

Ikifa ovyo, leo dakika ya 3, kesho ya 40, jaribu kwanza kuzima dirisha la kutazamia picha wakati wa kunasa. Utashangaa ni mara ngapi mkosaji ni hilo dirisha. Isipotulia, fungua daftari la matukio la Windows (Event Viewer), utafute mstari wa programu iliyoanguka. Pale huandikwa jina la faili lililoiangusha. Likiishia na .ax au likiwa na jina la kodeki, ondoa ile furushi ya kodeki uliyoipakua miaka hiyo ukaisahau.

Sasa turudi kwenye harusi. Kama inakufa mahali palepale pa kanda, kosa liko kwenye kanda. Televisheni huvumilia chenga na picha inayoyumba. Kidude cha USB hakivumilii. Mapigo ya picha, zile ishara zinazoonyesha kila fremu inapoanzia, yakivurugika, kinapoteza hesabu ya fremu, na vingine hudhani mvurugiko huo ni ulinzi wa kuzuia kunakili, vinasimamisha kazi. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: toa deki, chomeka kicheza DVD kwa waya zilezile, unase saa nzima. Ikipita salama, kompyuta yako ni nzima.

Dawa yenyewe ni kusafisha kichwa cha deki, kuipeleka kanda mbele mpaka mwisho na kuirudisha, kisha kupitisha mawimbi kwenye kifaa cha kuyanyoosha kabla hayajafika kwenye USB. Vifaa vya kazi hiyo ni ghali. Mimi niliazima rekoda ya zamani ya DVD, deki ikaingia kwake, yeye akatoa kwenda kwenye kidude. Baadhi ya rekoda hizo hunyoosha picha zikipitisha tu, hata bila kurekodi.

Dakika ya 22 ikapita. Pale palikuwa na mpira: kuna mtu nyumbani aliwahi kubonyeza kitufe cha kurekodi juu ya harusi, akanasa dakika sita za mechi, kisha akajutia. Baada ya mechi, dada anakata keki.