Tashtiti: ni swali au ni utungo?

SWALI: Daftari la binti yangu wa kidato cha tatu linasema tashtiti ni swali ambalo anayeuliza anajua jibu lake. Kitabu cha uhakiki nilichoazima kinasema ni utungo unaokosoa kwa kuchekesha. Nani kakosea? Na kejeli, kinaya na dhihaka zinatofautianaje?

JIBU: Hakuna aliyekosea. Neno moja limebeba maana mbili, na wanafunzi ndio wanaoumia. Katika madarasa ya Tanzania limezoeleka kwa lile swali la "Ala, kumbe umekuja?" analoulizwa mtu aliyekwisha kuketi sebuleni. Wahakiki wengine, hasa wa Kenya, hulitumia kwa utungo unaoanika uovu au upumbavu wa jamii kwa kuucheka. Mimi ningeomba swali hilo tuliite swali la balagha, tashtiti ibaki na kazi ya pili. Neno dhihaka haliitoshi kazi hiyo, maana hata anayemcheka kilema njiani anadhihaki. Tashtiti ina kosa inalolilenga, na mtunzi anatamani kuona limerekebishwa.

Kejeli, kinaya na chuku ni zana zake. Chukua mfano huu niliouunda: "Mheshimiwa alikata utepe wa bomba, akapigiwa makofi, akaondoka. Kina mama wakateremka mtoni na ndoo zao, wakimsifu kwa kuwaletea bomba linalong'aa kuliko yote wilayani." Bomba kuzinduliwa bila maji ni kinaya: lililotarajiwa na lililotokea vimepishana. Sifa za kina mama ni kejeli, maneno matamu yenye mwiba ndani. Ningeongeza kwamba makofi yalisikika hadi wilaya ya tatu, hiyo ingekuwa chuku, yaani kutia chumvi. Lakini ningeandika kwamba mheshimiwa ana tumbo kama pipa, ningekuwa nimemdhihaki mwili wake na shida ya maji ingesahaulika palepale. Waandishi wachanga wengi huteleza hapo, na inaniuma, kwa sababu mara nyingi kisa chenyewe kilikuwa kizuri.

Binti akitaka mfano mrefu, asome Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, enzi za ukoloni. Nchi inayosimuliwa iko angani, kwa hiyo kisa kizima ni istiari, yaani kinasimulia jambo moja kikilenga jingine. Wajumbe wanaotoka kwenda pande sita na kurudi na mawazo ya manufaa huishia kifungoni. Kinaya hicho ndicho uti wa mgongo wa kitabu. Karama, mhusika mkuu, anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe uanasheria, na anayemshtaki ni waziri aitwaye Majivuno. Jina linalobeba tabia ya mwenyewe namna hiyo tunaliita majazi.

Kwenye mtihani, binti afuate maana aliyofundishwa darasani. Akilikuta neno hilo katika kitabu kingine, aangalie mfano uliotolewa: ukiwa ni swali moja lenye jibu wazi, ni maana ya daftari lake; ukiwa ni kisa au shairi zima linalosuta, ni ile ya wahakiki.