Usilipe, mwone mkutubi kwanza
Mdogo wangu, umesema makala ya malaria kwa wajawazito inakudai dola 40. Usilipe! Nenda kwa mkutubi wa chuo chenu umuulize kama wamejisajili Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi za kipato cha chini majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu. Anayejisajili ni chuo, si mwanafunzi, na nywila mara nyingi anayo mkutubi. Ndani ya mpango huo, upande wa afya ni Hinari ya WHO (Shirika la Afya Duniani), ipo tangu 2002. Wenzako wa kilimo wana AGORA ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo). Kinachotuponza wengi ni kupitia Google: unabofya, unakutana na bei. Ingia kwanza kwa nywila ya chuo, kisha tafuta jina la jarida humohumo. Mara nyingi ileile iliyofungwa inafunguka, unapakua PDF nzima. Mimi nilimaliza muhula mzima nasoma ikisiri tu, kumbe nywila ilikuwa pale kaunta.