Barua kwa mwanangu: kabla hujajaza fomu za chuo

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, na shangazi yako amesharudi salama kutoka Dodoma. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza uombe chuo gani ili usome isimu (taaluma ya lugha) na fasihi linganishi (kulinganisha fasihi za lugha mbalimbali) kwa pamoja, na kama ni heri usubiri ufadhili wa Ulaya kuliko kuanzia nyumbani.

Anzia Mlimani, mama. Shahada ya kwanza isome Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ulaya utaifuata kwenye uzamili.

Kwenye isimu sina shaka hata kidogo. Nchi hii ina lugha zaidi ya 120, wala si za Kibantu peke yake. Kiiraqw ni cha Kikushi, Kimaasai ni cha Kiniloti, na kule Ziwa Eyasi wanazungumza Kihadza, lugha ambayo wanaisimu hawajaipatia ndugu popote duniani. Watu wanatoka Ulaya kuja kurekodi lugha hizi, wewe utapanda basi tu. Nadharia za fonolojia, yaani za mfumo wa sauti za lugha, zinasomeka popote. Lakini kukaa na msemaji jamvini, ukamwomba arudie sentensi ileile mpaka usikie toni inapandia wapi, hiyo ndiyo kazi yenyewe, na iko hapa.

Fasihi linganishi ndiyo yenye shughuli. Usihangaike kutafuta jina hilo kwenye orodha ya shahada. Tafuta ruhusa ya kuvuka idara. Mlimani, fasihi ya Kiswahili iko Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, yaani TATAKI, na fasihi ya Kiingereza iko idara nyingine. Sasa anayetaka kuwasoma sambamba Abdulrazak Gurnah na Shafi Adam Shafi, Wazanzibari wawili, mmoja ameandika kwa Kiingereza na mwenzake kwa Kiswahili, atawasomea wapi? Swali hilohilo mpelekee mkuu wa idara. Akikuonyesha kozi za hiari unazoweza kuchukua upande wa pili, jaza fomu. Akisema ratiba hairuhusu, omba na Chuo Kikuu cha Nairobi. Pale mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban Lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika, simulizi ikiwemo, iwekwe katikati, na za kwingine zisomwe kwa kuhusishwa nayo. Kwangu mimi, ulinganishi wa maana huanzia hapo.

Kifaransa chako usikiache. Mlinganishi anayesoma tafsiri tu hawezi kubishana na mfasiri.

Huko Ulaya, SOAS, chuo cha taaluma za Asia na Afrika cha London, kipo tangu 1916, na Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, walianza kongamano lao la Kiswahili 1987. Watakusikiliza zaidi ukienda na data ulizokusanya mwenyewe.

Ukifika Mlimani, kabla ya ofisi ya udahili pita maktaba, sehemu ya East Africana, yenye maandishi ya Afrika Mashariki, uombe tasnifu za miaka ya karibuni. Fungua ukurasa wa shukrani. Yuko msimamizi anayeshukuriwa kwa kusoma rasimu sura kwa sura, na yuko anayetajwa kwa cheo tu. Andika jina la yule wa kwanza, kisha uulize kama bado anafundisha.

Nauli nitakutumia Ijumaa. Baba yako anakusalimu sana, anasema simu usizime.

Mama yako