Maswali na Majibu: Mto Umeingia Shimoni

Tuna machimbo madogo ya changarawe kando ya mto huku Bagamoyo. Tulibakiza tuta la mita nane hivi kati ya shimo na mto. Masika haya lilikatika kwa upande wa juu, maji yanakotokea, na sasa nusu ya mto inapita shimoni. Tukijenga jingine lenye kimo mara mbili, litatosha?

Halitatosha, na huenda likawaletea hasara kubwa zaidi. Kinachoua tuta la namna hii ni tofauti ya maji: upande mmoja mto umejaa, upande wa pili shimo ni tupu. Maji yakifurika juu yake, yanaporomoka kwa kasi na kumega mgongo wa ndani. Yasipofurika, yanapenya kwenye changarawe, yanatoka na mchanga mwembamba kidogo kidogo mpaka yatoboe njia. Mkiongeza kimo mnaongeza tofauti hiyohiyo.

Jambo la pili ni kina. Sakafu ya shimo lenu bila shaka iko chini kuliko sakafu ya mto, kwa hiyo pale mto unapoingia pamezaliwa poromoko. Poromoko hilo halitulii. Linakula sakafu ya mto na kupanda kuelekea juu, na likikuta daraja litachimbua nguzo zake. Kule chini nako, maji yaliyotua mchanga wake shimoni yanatoka mepesi na kuanza kumega kingo za majirani.

Kwa hiyo msishindane na mafuriko. Chagueni yaingilie wapi.

Subirini kiangazi, kisha zibeni penye mpasuko kwa udongo mfinyanzi, si changarawe peke yake. Kwanza ondoeni matope na mizizi mpaka mfike udongo mgumu. Mwageni tabaka za sentimita 20, kila moja ishindiliwe ikiwa na unyevu: udongo ukifinyangwa mkononi ushikane bila kutoa maji. Juu ya tuta paachwe upana wa mita 3, na mteremko wa ndani uwe wa mita 3 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kimo.

Halafu, upande wa chini wa shimo, maji yanakoelekea, tengenezeni utoro wa maji: sehemu ya tuta yenye upana wa mita 10 au zaidi, iliyo chini ya sehemu nyingine kwa nusu mita hivi. Hapo mto ukipanda utaingia kinyumenyume, polepole, na shimo litajaa kabla maji hayajafika juu ya tuta. Mkiuweka upande wa juu, mmeupa mto njia ya mkato.

Utoro wote utandikwe kitambaa cha kuchujia, kisha mawe ya sentimita 30 hadi 40, safu mbili, yashuke hadi sakafu ya shimo na kuendelea mita 3 mbele. Msibanie ukubwa wa mawe. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, yanaweza kusukuma jiwe zito mara 64.

Na hizo mita nane ni chache mno. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinataja mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tena ukingo huhama: pigeni vigingi kila mita 5 kuanzia ukingoni kuelekea shimoni, mvihesabu baada ya kila mafuriko. Kabla ya kugusa mto wenyewe, onaneni na bodi ya maji ya bonde lenu. Kazi ya mtoni inahitaji kibali.

Baada ya mafuriko tunaweza kuvuta maji yote kwa siku moja?

Pampu inaweza; kuta za shimo haziwezi. Udongo uliolowa ni mzito, na maji ya shimoni ndiyo yanayouegemeza. Yakiondoka ghafla, ukuta unateleza, mara nyingi jua likiwa linawaka na watu wameshashuka kuchimba. Ngojeni mto upungue kwanza, kisha shusheni sentimita 30 kwa siku, mkikagua nyufa juu ya kingo kila asubuhi. Ufa mpya unaofuata ukingo maana yake ni kusimamisha pampu na kuwatoa watu.

Pampu inayokaa nje ya maji haivuti vizuri ikiwa juu ya maji kwa zaidi ya mita 7 hivi, hata iwe na injini kubwa. Ishusheni karibu na maji. Mdomo wa mpira uwe ndani ya pipa lililotobolewa, limezungushiwa kokoto. Maji yapitie bwawa la kutuliza tope kabla ya kurudi mtoni.

Tushike kingo kwa gabioni (masanduku ya wavu wa waya yanayojazwa mawe) au nyasi za vetiva?

Vetiva kwenye mteremko wa juu, miche ikiachana sentimita 10 hadi 15, ipandwe mvua zinapoanza. Mguuni pa ukingo, panapopigwa na mkondo, gabioni. Sanduku la mita 2 kwa 1 kwa 1 linataka meta za ujazo 2 za mawe ya sentimita 10 hadi 20. Madogo zaidi yatatoka kwenye matundu. Kosa la kawaida ni kulikalisha juu ya mchanga bila kuchimbia: mkondo unachimba chini yake, linainama, linajimwaga mtoni. Lizikwe nusu mita au zaidi, na nyuma yake kitambaa cha kuchujia.

Matairi ya zamani yaacheni. Yanaweza kuelea.