Kiwanda kikitaka kulea wanamuziki vijana, kianze na daftari la vyombo

Muziki wa dansi wa Tanzania una deni kwa viwanda. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo Dar es Salaam, Tancut Almasi ya kiwanda cha kukata almasi Iringa. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na hapo ndipo penye ufa: mpigaji akihama, alihama mikono mitupu, shirika likiyumba, bendi nayo iliyumba. Kampuni ya Kizota, Dodoma, au ya kukamua alizeti Singida, inayotaka kuanzisha klabu ya vijana leo izibe ufa huo kabla ya kununua hata gitaa moja.

Fungueni daftari. Kila chombo kiwe na namba, jina la aliyenacho, tarehe ya kutoka na kurudi, na hali yake. Kisha wekeni kwa maandishi kwamba kijana aliyedumu miaka miwili anaweza kununua gitaa analopiga, akikatwa kidogo kidogo kwenye mapato ya shughuli. Klabu inapata pesa ya kununulia jingine, kijana anaondoka na kitendea kazi. Viongozi wengi huona hii ni hasara. Sisi tunaiona ndiyo faida yenyewe, kwa sababu gitaa ambalo mtu anajua litakuwa lake halitupwi kwenye kona.

Chumba cha mita 5 kwa 6 kinatosha watu wanane. Kiwe mbali na mota na kompresa, kiwe na laini yake ya umeme yenye ethi. Mkichangia laini na mashine, amplifaya itaunguruma kila mota inapowaka. Ethi ikikosekana, mpiga gitaa anayeimba anaweza kupigwa shoti mdomoni akigusa maiki. Trei za mayai ukutani hazizuii besi kutoka nje, na zinashika moto haraka. Pazia zito lililoachwa sentimita 10 kutoka ukutani hutuliza mwangwi vizuri zaidi. Kwa majirani, punguzeni besi na mfunge mapema.

Kiangazi cha Dodoma kina vumbi la upepo. Funikeni mikisa kwa kitambaa kila mkimaliza. Swichi zikianza kukwaruza, tumieni dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, kamwe si mafuta ya cherehani, maana yanashika vumbi na kufanya tope. Ngoma za ngozi zisiachwe juani mchana kutwa. Ukavu huu unazipasua. Nyaya nyembamba za gitaa ndizo hukatika sana, kwa hiyo kwa kila seti moja nunueni nyaya tatu za akiba za ule wa kwanza, mwembamba kuliko zote.

Jambo linalotukera ni klabu ya Ugogoni yenye kinanda na magitaa lakini haina ilimba, chombo cha Kigogo chenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, wala zeze. Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose alizipeleka ilimba na zeze mbali duniani, na wazee wanaozijua bado wapo vijijini. Mwalikeni mmoja kila wiki, mlipeni nauli na posho. Mkichanganya ilimba na kinanda, kosa la kawaida ni kuchukua programu ya simu na kulazimisha kila ulimi ufuate kinanda. Sauti moja ya ilimba hukaa chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni, na ladha ya Kigogo imo humo. Pangeni sauti ya msingi ya kinanda ilingane na ilimba, halafu mpiga kinanda aikwepe noti hiyo moja. Ulimi ukivutwa nje sauti inashuka, ukisukumwa ndani inapanda. Kipande kidogo cha nta chini ya ncha huishusha zaidi. Ule utando wa buibui kwenye tundu usiondolewe na mtu anayedhani ni uchafu. Ndio unaoleta mvumo.

Mazoezi yafuate zamu za kazi: mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, nusu saa ya kwanza kila kundi peke yake, solo na rizimu huku, besi na ngoma kule.

Pesa ya mialiko tunashauri igawanywe hivi: asilimia 60 ya wapigaji, 25 ya matengenezo, 15 ya klabu. Isomwe mbele ya wote wiki hiyohiyo. Nyimbo zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa majina ya waliozitunga, hata zile zinazoisifu kampuni, na makubaliano ya kuzitumia kwenye matangazo yasainiwe kabla ya kurekodi. Aliye chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi au mlezi, naye apewe nakala yake.